SKS ya Mchina, ya Mrusi, ya Yugoslavia au ya Albania: ununue ipi, na ukishainunua usiguse nini

Waliopitia JKT Tanzania wanaifahamu kwa jina la SAR. Kwenye maduka ya silaha Marekani jina lake ni SKS. Ni bunduki ileile: risasi za 7.62×39, magazini ya risasi 10 iliyofungwa tumboni, singe inayokunjwa chini ya mtutu, na mbao kuanzia kitakoni hadi chini ya bomba la gesi. Sergei Simonov aliibuni mwaka 1945, kiwanda cha Tula kikaanza kuizalisha 1949, halafu michoro ikagawiwa marafiki wa Moscow mmoja baada ya mwingine. Ndiyo sababu leo mnunuzi anakuta mezani bunduki nne zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja, na bei zao zinapishana kwa mamia ya dola.

Wanunuzi wengi hukosea palepale: wanadhani tofauti ni nchi tu. Nchi ina uzito wake, lakini mbele ya nchi kuna swali la kama bunduki bado iko kama ilivyotoka kiwandani au ghalani. Sehemu kubwa ya thamani ya SKS imekaa kwenye vitu ambavyo mwenye bisibisi na msasa hupenda kuanza navyo: mbao, magazini, singe na rangi ya chuma.

Kwanza, je, unaruhusiwa?

Ulinganisho huu ni wa msomaji anayeishi ambako raia anaweza kumiliki SKS kisheria, hasa Marekani. Kwetu si mada ya kuijaribu. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha sura ya 114, bunduki ya kijeshi ya 7.62 mm inayojipakia yenyewe ikikutwa kwa raia ni kesi nzito kabisa. Na usije ukafikiri unaweza kuipakia kwenye kontena la kurudi nyumbani pamoja na friji.

Marekani, raia au mwenye kadi ya kijani hununua kwa muuzaji mwenye leseni, anajaza Fomu 4473 (fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha), na rekodi zake zinakaguliwa. Mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha yoyote ya moto, isipokuwa aangukie kwenye mojawapo ya misamaha iliyotajwa. Unaojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Wapo wanaodhani kwamba kuhifadhiwa bunduki na rafiki ni sawa, au kupewa na mkwe ni sawa. Kosa linahusu kuwa nayo, haijalishi umeipataje.

Kwa anayetaka kukusanya kuna leseni ya mkusanyaji, Aina ya 03. Ada yake ni dola 30 kwa miaka 3. Inakuruhusu kununua moja kwa moja kutoka majimbo mengine silaha zilizotimiza miaka 50 na ambazo bado ziko katika umbo lake la asili, na kila inayoingia au kutoka unaiandika kwenye daftari. Si leseni ya biashara. Shikilia hayo maneno "umbo la asili", maana tutayarudia tukifika kwenye marekebisho: bunduki iliyobadilishwa inaweza kutoka kwenye kundi hilo hata kama ina miaka 65.

Canada SKS imekuwa maarufu kwa bei yake, magazini ikizibwa ibaki risasi 5. Ila orodha za silaha zilizopigwa marufuku huko zimekuwa zikiongezwa tangu Mei 2020, kwa hiyo soma orodha ya wiki unayonunua, usitegemee ya mwaka jana.

Ya Mchina: ya kupigia shabaha

Ukitaka bunduki ya kutumia, kuiangusha kwenye vumbi na kuisafisha bila kulia, chukua ya Mchina. Wachina huiita Aina ya 56, na uzalishaji ulianza mwaka huohuo wa 1956. Alama utakayoiona mara nyingi ni namba 26 ndani ya pembetatu, upande wa kushoto wa mwili wa bunduki. Hiyo ni ya kiwanda cha Jianshe. Kwenye namba ndefu za kiwanda hicho, wakusanyaji husoma tarakimu moja au mbili za mwanzo kama hesabu ya miaka kuanzia 1956, na hivyo kukisia mwaka wa kutengenezwa.

Faida yake kubwa huioni kwa nje. Mitutu ya Aina ya 56 ya kijeshi kwa kawaida imepakwa kromu ndani. Kromu ni kinga dhidi ya chumvi ya risasi za zamani, jambo tutakalolieleza chini, na ndiyo inayofanya bunduki iliyochakaa kwa nje iendelee kuwa na mtutu unaong'aa. Faida ya pili ni vipuri: boliti (chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuifunga risasi ndani ya mtutu), pini, springi na mbao vinapatikana kuliko vya nchi nyingine yoyote.

Kasoro ziko kwenye ulinganifu, yaani kama vipuri vyote bado vina namba ileile ya bunduki moja. Nyingi ziliingizwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, zikauzwa kwa bei ya kutupa, na kwa sababu zilikuwa rahisi hakuna aliyezionea huruma. Mbao zilikatwa, singe zikang'olewa, magazini zikabadilishwa. Mei 1994 serikali ya Rais Clinton ikafunga mlango kwa silaha na risasi kutoka Uchina, na tangu hapo zilizopo ndizo zilizopo. Kwa hiyo ya Mchina iliyokamilika, yenye namba zinazofanana na singe yake, imeacha kuwa bunduki ya maskini.

Mambo mawili ya kuangalia kwa jicho la karibu. La kwanza ni namna mtutu ulivyofungwa: za mwanzo mtutu uliskrubiwa kwenye mwili wa bunduki, za baadaye ulishindiliwa na kukazwa kwa pini ambayo kichwa chake unakiona ubavuni. Zote hufanya kazi, ila wakusanyaji huzipenda za skrubu. La pili ni singe: za mwanzo zina ya bapa kama kisu, na tangu katikati ya miaka ya 1960 ikaja ya mche mrefu kama msumari. Singe bapa kwenye bunduki ya mwaka 1970 ni ishara kwamba mtu amechanganya vipuri.

Kuna toleo fupi lililouzwa kwa raia, na mtutu wake ni takriban sentimita 42. Hili lipime mwenyewe. Sheria ya shirikisho inataka mtutu wa bunduki usipungue inchi 16, yaani sentimita 40.6. Mtu aliyekata ya kawaida kwa msumeno akapitiliza kidogo amekuuzia kesi. Ingiza ufito hadi uguse uso wa boliti iliyofungwa, weka alama mdomoni mwa mtutu, pima. Matoleo ya kiwandani yanayopokea magazini za AK yana soko lake na bei yake ya juu, na kwa sababu hiyo yana ya kughushi. Usinunue la aina hiyo kwa kuamini maneno ya muuzaji.

Ya Yugoslavia: nzuri kwa sura, ina ugonjwa wa gesi

Kiwanda cha Zastava cha Kragujevac kilianza na M59, iliyofanana sana na ya Mrusi, kisha kikatoa M59/66, yenye mrija wa kurushia guruneti mdomoni na ngazi ndogo ya kulengea inayosimamishwa juu ya mtutu. Toleo la A1 likaongezewa vilengeo vya usiku vinavyokunjwa. Mwanga wake kwa nyingi umeshakufa. Ukiishika utahisi uzito wa mbele: ina urefu wa karibu sentimita 112 na zaidi ya kilo 4, wakati SKS ya kawaida ni sentimita 102 na kilo 3.85 hivi.

Ziliingia Marekani kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyingi zikiwa zimekaa ghalani zimezama kwenye grisi nzito. Ndiyo maana M59/66 nyingi zina namba zinazofanana kila mahali: mwili, kifuniko, boliti, kibeba boliti, triga, magazini, na zilizochomwa kwenye mbao. Kwa mkusanyaji anayeanza, hakuna njia nyepesi zaidi ya kupata bunduki yenye namba zote sawa. Ukiona mhuri wenye herufi TRZ kwenye mbao, maana yake bunduki ilipita karakana ya matengenezo ya jeshi. Hiyo si doa. Ni historia yake halali, na mara nyingi mbao hizo ni ngumu na safi kuliko za Mchina.

Tatizo liko ndani. Yugoslavia hawakupaka mitutu hii kromu. Jeshi lao lilitumia risasi ambazo fataki zake (kile kinachowasha baruti) huacha chumvi, na chumvi kwenye chuma tupu inafanya kile inachofanya kwa mabati ya nyumba za Lamu. Kuna mitutu ya M59/66 iliyo kama mipya, na kuna iliyoliwa mpaka mistari ya ndani inayoizungusha risasi imekuwa kivuli. Zote zinauzwa meza moja.

Ugonjwa wa pili ni valvu ya gesi. Ili guruneti irushwe, gesi ilipaswa kufungwa isisukume boliti, kwa hiyo palitiwa valvu yenye kitufe, inayofanya kazi pamoja na ile ngazi ya kulengea. Mnunuzi mpya akiipeleka uwanjani, ikapiga risasi moja kisha boliti ikakataa kurudi, kabla ya kumlaumu yeyote ahakikishe ngazi imelala kabisa na gesi iko wazi. Kama iko wazi na bado boliti inarudi nusu njia, ganda likibanwa mlangoni, valvu yenyewe imeliwa na gesi inavuja pembeni. Utaona masizi meusi yaliyorushwa nje kuzunguka valvu. Valvu mpya zinauzwa na kubadilisha si kazi kubwa. Lakini kama tundu linalobeba valvu nalo limeliwa, valvu mpya haitaziba peke yake, na hapo unahitaji fundi mwenye kifaa cha kusawazisha tundu. Mwambie muuzaji aitoe valvu uione. Anayekataa amekujibu.

Na mrija wa guruneti una sheria zake. Majimbo kadhaa, California ikiwemo, hayaukubali, na bunduki huuzwa huko ikiwa umeondolewa. Uliyonunua Arizona ukahamia nayo California inakufuata na tatizo lake.

Ya Mrusi: ya kuweka

Tula, 1949 hadi katikati ya miaka ya 1950, na Izhevsk kwa 1953 na 1954 tu. Tula ina nyota yenye mshale katikati, na kwenye kifuniko cha mwili kuna mwaka ukifuatiwa na herufi "г". Za mwisho kabisa za Tula hazina mwaka kifunikoni. Wakusanyaji huziita za herufi, kwa sababu mwaka wake husomwa kwa herufi iliyo ndani ya namba. Izhevsk, kwa kuwa ni miaka miwili tu, hudai bei ya juu kuliko Tula ya kawaida.

Ufundi wake unauhisi mkononi kabla hujauona: boliti inateleza bila mikwaruzo, kifuniko hakichezi, mbao zimekaa kwenye chuma bila mwanya. Mitutu imepakwa kromu, isipokuwa baadhi ya za mwanzo kabisa. Wakati wa kununua, tofautisha namba zilizopigwa kwa mhuri na zilizoandikwa kwa kalamu ya umeme. Karakana za Kisovieti zilipofanya matengenezo makubwa zilikata namba ya zamani kwa mstari, zikaandika mpya ili ifanane na mwili, na kupiga mhuri wa mraba uliokatwa kwa mstari wa mshazari. Bunduki hiyo ni halali na inapiga vizuri, ila haipaswi kulipiwa bei ya ambayo namba zake zilizaliwa pamoja. Matangazo mengi huandika "namba zote sawa" na kunyamaza hapo. Omba picha za karibu za kila namba.

Kuna mtego mwingine wa rangi. Mbao nyekundu zinazong'aa kama asali mara nyingi zimepakwa shelaki (aina ya vanishi) na karakana, na ndivyo zinavyopaswa kuwa. Mnunuzi asiyejua huzikwangua kutafuta "mbao halisi" chini yake, akaondoa mihuri pamoja na shelaki.

Albania na Romania, kwa kifupi

Ya Albania, iliyotengenezwa Gramsh kati ya 1967 na 1979, ndiyo yenye sura ya pekee: mbao za juu ndefu zaidi, mpini wa kukokia unaofanana na wa AK, na vyumba viwili vya kuhifadhia vifaa kitakoni badala ya kimoja. Ni chache sokoni, na vipuri vya sehemu hizo maalumu havipatikani kirahisi, kwa hiyo usiinunue ikiwa na upungufu wowote ukitegemea kuukamilisha baadaye. Ya Romania ilitoka Cugir mwaka 1957 hadi 1960, inafuata ya Mrusi karibu kwa kila kitu, na mara nyingi ilitumika sana. Ikiwa mtutu ni mzuri, ni njia ya kupata umbo la Mrusi bila bei ya Mrusi. Ya Ujerumani Mashariki ni ya wenye pesa na subira. Haina ufito wa kusafishia chini ya mtutu, na ukiiona kwa bei ya kawaida, tilia shaka.

Dakika kumi mezani

Hakikisha kwanza haina risasi: vuta boliti nyuma, tazama chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), fungua tumbo la magazini. Kisha ingiza karatasi nyeupe kwenye nafasi ya boliti na tazama ndani ya mtutu kutoka mdomoni ukiwa na taa. Mistari iwe na kingo kali hadi mwisho. Vishimo vyeusi karibu na chemba na karibu na tundu la gesi ndivyo vya kutafuta kwa Myugoslavia.

Halafu boliti, na hapa usiharakishe. Ondoa kifuniko, springi, kibeba na boliti. Ishike boliti peke yake mkononi, uitikise juu chini karibu na sikio. Unapaswa kusikia pini ya kufyatulia ikicheza ndani: tik, tik. SKS nyingi hazina springi ya kuirudisha pini hiyo, inaelea tu. Boliti ikikaa kimya, pini imekwama kwenye grisi iliyokauka, na ikikwama ikiwa mbele, risasi ya kwanza italipuka boliti inapojifunga, kabla hujagusa triga, na pengine zinazofuata pia. Ndiyo ajali ya kawaida kwa SKS mpya kutoka ghalani. Usiipige hata mara moja kabla ya kuifungua.

Kuisafisha: gonga nje kipini kidogo kinachoizuia, ukiwa umeshaangalia kinatokea upande gani, toa pini, na uoshe tundu lake kwa mafuta ya taa na brashi ndogo mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha. Usijaze mafuta ndani. Mafuta mazito na baridi ya Minnesota vinakurudisha ulikotoka. Unaporudisha pini, sehemu yake iliyochongwa itazame kipini cha kuzuia. Ikiwekwa kinyume inaweza kubana ikiwa imetokeza mbele, na hapo umetengeneza ajali kwa mikono yako. Tikisa tena. Siku ya kwanza uwanjani pakia risasi moja, kisha mbili, mtutu ukielekea kwenye tuta muda wote, ndipo ujaze kumi.

Kuhusu risasi: tangu Septemba 2021 Marekani imezuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, zilizokuwa chakula cha bei nafuu cha bunduki hizi. Wengi wakageukia akiba za zamani, kama M67 ya Yugoslavia yenye ganda la shaba. Ni risasi nzuri yenye fataki za chumvi. Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi, maji huyeyusha. Siku hiyohiyo mwaga maji ya moto kutoka upande wa chemba hadi yatoke mdomoni, osha pistoni, bomba la gesi, uso wa boliti na, kwa M59/66, valvu pamoja na mrija wa guruneti. Kausha kwa kitambaa, kisha paka mafuta. Ukilala nayo bila kuiosha kwenye mji wenye unyevu kama Houston, asubuhi utaona rangi ya chungwa.

Marekebisho: yapi yanarudi nyuma, yapi hayarudi

Mkanda wa begani, mpira wa kuvisha kitakoni kwa mwenye mikono mirefu, kilengeo cha nyuma kinachoingia mahali pa kile cha asili bila kutoboa: hivyo unavivua jioni na bunduki inarudi ilivyokuwa. Pini yenye springi ya kuirudisha ni nyongeza ya maana kwa anayetumia risasi za kiraia zenye fataki laini. Hifadhi pini ya zamani kwenye mfuko wenye jina.

Magazini za kuchomoa za risasi 20 au 30 ndizo zinazoharibu zaidi. Kwanza hazifanyi kazi vizuri: midomo yake haikai kila mara kwa kimo kimoja, risasi inagonga chini ya chemba, na nyingi huwezi kuzichomeka boliti ikiwa imefungwa. Pili, zinaigusa sheria. Kifungu cha 922(r) cha sheria ya shirikisho hakitaki bunduki ya aina isiyoruhusiwa kuingizwa iundwe Marekani ikiwa na zaidi ya vipuri 10 vya kigeni kati ya orodha ya 20. SKS iliyo katika umbo lake la asili haina wasiwasi. Ukiiondoa kwenye umbo hilo, hesabu inaanza, na SKS ya kawaida huhesabiwa kuwa na karibu vipuri 14 vya orodha hiyo. California inataja kwa jina SKS yenye magazini ya kuchomoa kwenye orodha yake ya marufuku. Yote hayo kwa magazini inayokwama.

Darubini ni huzuni nyingine. Kishikio kinachokaa kwenye kifuniko hakitulii, kwa sababu kifuniko chenyewe kinacheza. Utalenga leo, kesho risasi ziko kwingine. Kishikio cha ubavuni kinatulia, ila kinatobolewa kwenye mwili wa bunduki, na matundu hayo hayazibiki machoni pa mnunuzi. Kumbuka pia hii si bunduki ya kudungua: sentimita 8 hadi 12 kwa mita 100 ndiyo kazi yake ya kawaida, na vilengeo vya chuma vinatosha.

Triga ya SKS ni nzito na inakwaruza. Usiisugue kwa jiwe mezani kwako. Ukiondoa chuma kidogo mahali pasipofaa, bunduki inaweza kujifyatua ikidondoka au kupiga mbili kwa mvuto mmoja; ya pili si ajali tu, kisheria inaweza kuhesabika kuwa bunduki ya rashasha. Mpelekee fundi mwenye leseni.

Msasa ndio wenye dhambi nyingi kuliko zote, maana unaonekana hauna madhara. Kwenye mbao, kasoro ulizoziondoa zilikuwa zimebeba mihuri, namba na miaka. Mbao zilizolowa grisi zifunge kwa taulo za karatasi, uziweke ndani ya mfuko mweusi wa takataka juani kwa saa kadhaa, ubadilishe karatasi, urudie mpaka zitoke kavu. Hakuna msasa hapo.

Bei

Usisome bei inayoombwa; soma bei iliyolipwa kwenye minada iliyokwisha. Kwa miaka ya karibuni ya Mchina iliyokamilika na M59/66 yenye mtutu mzuri hucheza kwenye dola 500 hadi 700. Albania na Romania huwa juu yake kidogo, na Tula safi yenye namba za asili huvuka hapo bila shida.

Ukikuta ya Mchina ya dola 400 iliyovishwa plastiki, piga hesabu ya kuirudisha: mbao za asili, magazini, singe na skrubu yake, na usafiri wa kila kimoja. Dola 150 hadi 250 zinakwenda upesi, na mwisho una bunduki kamili ambayo namba zake hazifanani, yaani bado haijafikia ile ya 600 uliyoiacha. Kama muuzaji anakwambia mbao za asili ziko garini, mwambie azilete. Zikiwa na namba ya bunduki, biashara imebadilika kabisa.

Jina la mwagizaji lililochongwa kwenye mtutu au ubavuni ni la kawaida, na likiwa dogo na mahali pasipoonekana halipunguzi sana. Bunduki isiyo na chapa hiyo, iliyoletwa na askari kutoka Vietnam, ni daraja lingine, hasa ikiwa na Fomu DD 603-1 (karatasi ya jeshi ya kusajili nyara za vita) iliyoandikwa namba ileile iliyo kwenye mwili wa bunduki. Karatasi hizo hughushiwa. Linganisha namba tarakimu kwa tarakimu, tazama kama wino na mikunjo vina umri mmoja na karatasi, na fomu isiyotaja namba ya bunduki usiiongezee hata dola moja.